Kibaba Hujazwa kwa Kupimwa: Ishara na Vitendo katika Kuokoa Nishati

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Bariadi mbele ya watumishi wa serikali na walimu.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana dogo. Kila mara tunahimizwa kuokoa nishati. Twaambiwa tuzime taa kwa saa moja katika mwezi wa Machi. Twaambiwa tupande mche mmoja siku ya sherehe. Twaona mitungi ya gesi ikikabidhiwa mbele ya mkutano, na watu wakipiga makofi. Swali nililopewa ni hili: je, vitendo vya namna hiyo huleta tofauti ya kweli, au ni ishara tu ya nia njema?

Wako wenzetu wanaojibu upesi kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wako wengine wanaojibu upesi vilevile kwamba hayo yote ni maonyesho. Kwamba nishati ya dunia huteketezwa na viwanda vya Marekani, Uchina na Ulaya, na kwamba mkulima wa Simiyu hana cha kuokoa. Majibu haya mawili yanapingana, lakini kasoro yao ni moja: yote mawili yanakwepa hesabu.

Yafaa tuitazame vizuri methali yenyewe. Wahenga hawakusema kwamba haba na haba hupendeza, wala kwamba haba na haba hutuliza moyo. Walisema hujaza kibaba. Na kibaba ni kipimo. Ili methali hiyo iwe kweli, sharti yawepo mambo matatu: chombo kinachojulikana, mtu anayeendelea kutia, na mtu anayetazama kama kimejaa. Haba inayomwagwa nje ya kibaba haijazi kitu, hata ikimwagwa kwa shangwe na kila mwaka.

Hapa Bariadi jambo hili halihitaji maelezo marefu. Huu ni mkoa wa pamba. Mkulima anapopeleka pamba yake kwenye chama cha ushirika hakubali kuambiwa kwamba ameleta pamba nyingi, au kwamba juhudi yake imeonekana. Anataka mzani. Anasimama karibu na mzani, anasoma mwenyewe, kisha anadai stakabadhi. Hoja yangu leo ni kwamba katika kuokoa nishati nasi hatuna budi kusimama karibu na mzani. Kitendo cha kuokoa nishati huwa cha kweli pale kinapogusa mahali ambapo nishati inaungua hasa, na pale panapokuwa na mtu wa kupima kabla na kupima baada. Kikikosa hayo, ni ishara. Na ishara ina kazi yake, ambayo nitaieleza, lakini kuokoa si kazi yake.

Hesabu ya taa

Tuanze na taa, kwa kuwa ndiyo inayotajwa mara nyingi. Desturi ya kuzima taa kwa saa moja ilianzia mjini Sydney, Australia, tarehe 31 Machi 2007. Tangu hapo imeenea katika nchi nyingi.

Taa ya kisasa ya nyumbani hutumia wati 10 hivi. Taa mia moja za namna hiyo, zikizimwa kwa saa moja, huokoa uniti moja ya umeme. Sasa chukueni mji wa mfano wenye nyumba 2,000, kila nyumba izime taa tatu kwa saa nzima. Hizo ni taa 6,000, na akiba yake ni uniti 60.

Uniti 60 ni kitu gani? Kilo moja ya kuni kavu ina joto linalolingana na uniti nne na zaidi kidogo. Kwa hiyo akiba ya mji mzima uliokaa gizani ni sawa na joto lililomo katika kilo zipatazo 14 za kuni. Akina mama wa Itilima na Meatu hubeba zaidi ya hizo kichwani kwa safari moja. Mji mzima umekaa gizani, na haukufikia mzigo mmoja wa mama mmoja.

Sisemi kwamba umeme na kuni ni kitu kimoja. Umeme una kazi ambazo kuni haziwezi. Tena, thamani ya kuzima taa hubadilika kwa wakati. Katika miaka ya mgao mkubwa, kama 2006 na 2011, mabwawa yalipopungua maji na nchi ikawa inachoma mafuta ya bei kubwa kuzalisha umeme, kila uniti iliyookolewa jioni ilikuwa na uzito. Leo Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, limebadili hali hiyo, baada ya mtambo wake wa kwanza kuanza kuzalisha umeme mapema mwaka 2024. Hesabu ya mwaka wa ukame siyo hesabu ya mwaka wa maji. Anayehimiza jambo lilelile kwa maneno yaleyale katika miaka yote miwili hajatazama mzani.

Hata hivyo, katika taa zenyewe kuna jambo moja linalostahili heshima. Nyumba iliyoondoa taa ya zamani ya wati 60 na kuweka ya wati 9, ikiwashwa saa nne kila usiku, huokoa uniti zaidi ya 70 kwa mwaka. Kuizima taa ile ya zamani kwa saa moja tu katika mwaka kungeokoa sehemu sita za mia za uniti. Kitendo cha kwanza hufanywa mara moja na huendelea kuokoa hata mwenye nyumba akisahau. Kitendo cha pili hukumbukwa sana na huokoa kidogo. Wenzetu wa Uganda walilielewa hilo. Maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka katika miaka ya 2005 na 2006, umeme wa Jinja ukapungua, na nchi hiyo ikagawa mamia ya maelfu ya taa zinazotumia umeme mdogo, ili kupunguza mzigo wa saa za jioni. Kitendo hicho kilikuwa kidogo nyumbani, lakini kiligusa saa ileile na mahali palepale penye shida.

Ndugu Watumishi, nanyi mnayo hesabu yenu. Lita moja ya dizeli ina nishati inayolingana na uniti 10 hivi. Gari la ofisi linalokwenda kilomita 100 likitumia lita 12, limeteketeza kiasi cha uniti 120. Taa ya wati 10 ingepaswa kuzimwa kwa saa 12,000 ili kufidia safari hiyo moja. Magari kumi yakifuatana kwenda kuzindua jiko moja la kuokoa kuni, msafara huo hutumia nishati iliyomo katika kilo zaidi ya 250 za kuni. Jiko hilo huanza maisha yake likiwa na deni. Barua ya ofisi inayowakumbusha watumishi kuzima taa ni barua njema. Lakini kama haisemi neno juu ya safari, imeacha gunia na kuhesabu punje.

Hesabu ya mafiga

Katika mkoa huu wenye watu zaidi ya milioni mbili, mahali ambapo nishati inaungua hasa ni jikoni, katikati ya mafiga matatu.

Moto wa mafiga ni moto wa ukarimu kwa upepo na mchoyo kwa sufuria. Katika kila sehemu 100 za joto la kuni, sehemu 10 hadi 15 tu huingia katika chakula; zilizobaki huota ukuta, hewa na macho ya mpishi. Kwa hiyo mama anayebeba mzigo mmoja wa kuni kutoka mbali, anabeba sehemu kubwa kwa ajili ya upepo.

Tena, kuni zenyewe zimekuwa adimu. Kwetu watu hupikia mabua ya mtama, magunzi ya mahindi, miti ya pamba iliyokwisha kuchumwa, hata samadi ya ng'ombe iliyokauka. Samadi ikienda jikoni, shamba hukosa mbolea, na mavuno ya mwaka ujao hulipa gharama ya ugali wa leo. Miti ya pamba nayo inatakiwa kung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili wadudu wasipate makao. Agizo hilo ni la haki kabisa. Lakini tazameni hali ilivyo: mashambani moto mkubwa unawaka bila kupika kitu, na kijijini mama anatafuta kuni. Moto mmoja ungeweza kutimiza kazi zote mbili, kama miti hiyo ingekusanywa mapema na kuchomwa jikoni kabla ya muda wa mwisho. Hilo halihitaji sherehe. Linahitaji mpango wa kijiji.

Sasa tuje kwenye gesi. Tarehe 8 Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika matumizi ya nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni kubwa na ni la haki, kwa sababu moshi wa jikoni huua, na wanaouvuta zaidi ni akina mama na watoto wadogo. Katika kulitekeleza, mitungi midogo imekuwa ikitolewa au kuuzwa kwa ruzuku.

Mtungi wa kilo 6, ukitumika vizuri, huweza kupika chakula ambacho kwenye mafiga kingehitaji kilo zipatazo 70 za kuni. Familia inayoteketeza kilo 5 za kuni kwa siku imepata nafuu ya majuma mawili. Baada ya majuma hayo mtungi ni chuma kitupu. Kwa hiyo kugawa mtungi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuujaza mara ya pili, ya tatu na ya kumi. Na hapo ndipo penye ugumu kwa mkulima wetu. Gesi inadai fedha kila mwezi, ilhali pamba inaleta fedha kwa msimu mmoja. Anayetaka mtungi uendelee kuwaka sharti ajibu swali la fedha za mwezi wa Februari, wakati ghala linapungua na pamba bado iko shambani. Chama cha ushirika au kikundi cha kuweka akiba kinaweza kumtengea mwanachama fedha ya gesi siku ileile anapolipwa pamba. Takwimu tunayoihitaji, basi, ni idadi ya mitungi iliyorudi dukani kujazwa baada ya miezi sita. Idadi ya mitungi iliyogawiwa ni habari ya siku moja.

Mafunzo ya nchi yetu wenyewe

Yafaa ikumbukwe kwamba nchi yetu si mgeni katika mambo haya. Bei ya mafuta ilipopanda sana mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na hasa baada ya gharama za Vita vya Kagera, Tanzania ilibana matumizi ya petroli. Wazee mliopo hapa mnakumbuka kwamba magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Je, ile ilikuwa ishara au kitendo? Ilikuwa na sehemu zote mbili. Ilikuwa kitendo kwa kuwa ilikuwa sheria, askari walikuwa barabarani, na safari iliyofutwa ilikuwa petroli iliyobaki katika pipa. Lakini safari iliyohamishiwa Jumamosi haikuokoa hata tone. Pia ilikuwa ishara, kwa sababu mwenye gari na asiye na gari walijua kwamba dhiki ile ni ya wote. Somo lake ni kwamba ishara hupata nguvu inapomgusa mwenye nacho kwanza.

Lakini somo kubwa zaidi liko karibu nasi. Kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Nchi hii ilikuwa na pori. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 pori kubwa lilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba na mpunga yakapanuka, ng'ombe wakaongezeka, na kuhamia vijijini katika miaka ya 1974 na 1975 kukawaweka watu wengi mbali na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia miaka ya 1980, Shinyanga ilikuwa ikisemwa kwamba inageuka jangwa.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wote tunaujua kwa jina la HASHI, ukisaidiwa na Norway. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu, miche na upandaji, tena mingi ikiwa miti ya kigeni. Hiyo ndiyo njia inayopigika picha vizuri. Lakini wataalamu wa mpango huo, kwa sifa yao, walianza kuwasikiliza wananchi. Wasukuma walikuwa na desturi yao ya tangu zamani iitwayo ngitili: eneo hufungwa mvua zinapoanza, mifugo haiingii, majani na visiki huchipua vyenyewe, na hufunguliwa wakati wa kiangazi malisho yanapokwisha kwingine. Mche haukuhitajika sana. Mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi, ikingoja tu kuachwa kuliwa na kukatwa.

Mpango ukaipa nguvu desturi hiyo. Mikutano ya jadi, dagashida, ikapitisha makubaliano, sungusungu wakalinda, aliyevunja akatozwa faini. Mwaka 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta mia kadhaa tu. Mpango ulipofika mwisho mwaka 2004, zilikuwa hekta zaidi ya 300,000. Kuni, nguzo za kujengea, dawa za miti shamba, asali na malisho vikarudi karibu na nyumba, na muda wa akina mama kutafuta kuni ukapungua.

Linganisheni njia hizo mbili. Mche unaopandwa katika Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, tarehe 1 Aprili, unaonekana siku hiyohiyo. Kisiki kinachoachwa kichipue hakionekani. Lakini mche una siku moja ya sherehe na miezi ya kiangazi isiyo na mwenyewe, ilhali kisiki kina mizizi na kina sungusungu. Halmashauri zimeagizwa kupanda miti 1,500,000 kila moja kwa mwaka. Agizo hilo litakuwa na maana kubwa zaidi kama taarifa ya halmashauri itaanza na miti iliyo hai baada ya kiangazi, kisha ndipo itaje iliyopandwa.

Kazi halali ya ishara

Isije ikadhaniwa kwamba nadharau ishara. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Mwenge uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro. Haukupika chakula cha mtu yeyote wala kumwangazia njia msafiri yeyote. Lakini taifa lilijua siku hiyo kwamba limezaliwa. Ishara huwaita watu. Ngoma ya kulimia huwakusanya wakulima na kuwapa mwendo. Lakini hakuna aliyewahi kuona ngoma imelima tuta. Ngoma ikinyamaza na majembe yakawa bado yanapanda na kushuka, ngoma imefanya kazi yake. Ngoma ikinyamaza na watu wakarudi nyumbani, ilikuwa ngoma ya kucheza.

Hatari ya ishara ni kwamba humpa mtu shibe kabla hajala. Aliyezima taa saa moja huona amelipa deni lake, akaendelea na mengine kwa dhamiri safi. Ofisi iliyogawa mitungi huona kazi imekwisha.

Napenda pia tutenganishe maneno mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya: kitendo kidogo, na kitendo cha ishara. Si kitu kimoja. Kuloweka maharage usiku kucha ni jambo dogo, halina kamera, lakini hupunguza sana muda wa kupika na kuni zake. Kufunika sufuria ni jambo dogo. Kupasua kuni na kuzianika zikauke ni jambo dogo. Kuni mbichi hutumia moto wake wenyewe kukausha maji yaliyomo ndani yake. Hayo ni madogo na ni ya kweli. Kwa upande mwingine, mtambo mkubwa wa gesi ya samadi uliojengwa kwa fedha nyingi, kisha ukakauka kwa kukosa maji na fundi, ni jambo kubwa na ni ishara tu.

Jiko la shule

Ndugu Walimu, sasa naja kwenu, kwa sababu jambo zito zaidi liko mikononi mwenu.

Serikali iliagiza kwamba taasisi zinazopika chakula kwa watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na muda wa mwisho uliowekwa kwanza ulikuwa Januari 2024. Shule karibu zote zinazotoa chakula zinaguswa na agizo hilo. Muda huo umepita, na kila mmoja wetu anajua nyuma ya majiko ya shule kuna nini.

Tufanye hesabu ya mfano. Shule ya wanafunzi 500 hupika makande au ugali na maharage mchana. Tukichukua kwamba kila mwanafunzi anahitaji gramu 300 za kuni kwa mlo, ni kilo 150 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni tani 29. Shule hiyo ikitoka kwenye mafiga na kujenga jiko lililofungwa vizuri, lenye bomba la moshi na sufuria inayokaa ndani yake barabara, yaweza kupunguza kuni kwa nusu. Imeokoa tani 14 na nusu. Ule mji wetu wa mfano wenye taa 6,000 ungepaswa kukaa gizani saa nne kila usiku, kwa siku zaidi ya 260, ili kufikia akiba ya jiko moja la shule moja.

Kupunguza nusu si mwisho wa safari. Mwisho wa safari ni shule iliyoacha kuni kabisa, kwa gesi, kwa umeme, au kwa gesi ya samadi ambayo taasisi ya CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1981, imekuwa ikiijengea utaalamu kwa muda mrefu. Katika mkoa wa wafugaji kama wetu, gesi ya samadi ina faida ya pekee: samadi hutoa moto kwanza, kisha hurudi shambani ikiwa bado mbolea. Lakini shule isiyo na mtaji leo haina haki ya kuendelea na mafiga kwa kisingizio kwamba inangojea gesi.

Ziko njia mbili za kutii agizo lile. Njia ya kwanza ni kununua jiko moja la gesi, kuliweka mbele, kulipiga picha, kuandika taarifa, kisha kuendelea kupika nyuma kwa kuni. Njia ya pili ni kupima. Na gharama ya kosa hapa hailipwi na mwandika taarifa. Hulipwa na mpishi anayekohoa, na mtoto anayeambiwa aje shuleni na kuni mkononi. Mtoto wa darasa la tatu anayetafuta kijiti njiani badala ya kuwahi somo la hesabu, ndiye anayelipa bei ya ishara zetu.

Napendekeza mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila shule ipime kuni zake. Mzani haukosekani Simiyu. Mizani ya pamba hukaa kimya msimu ukipita. Chama cha ushirika cha kijiji kiombwe kuuazima mzani kwa majuma mawili. Kuni zipimwe kila asubuhi kabla ya moto, na idadi ya waliokula iandikwe. Kazi hiyo ifanywe na wanafunzi wenyewe pamoja na mwalimu wa hesabu. Hapatakuwa na somo la uwiano na asilimia lililo bora kuliko hilo.

Pili, tarakimu hiyo iandikwe ubaoni, mlangoni pa jiko: kilo za kuni kwa mlo. Kamati ya shule na wazazi waione. Jiko jipya likijengwa, tarakimu ipimwe tena kwa majuma mawili yale yale ya kazi. Ikishuka, tumeokoa. Isiposhuka, tumejenga ukuta.

Tatu, maofisa wanaokagua shule na vijiji wabadili maswali. Badala ya kuuliza wamepewa nini, waulize kinatumika siku ngapi kwa juma. Badala ya kuuliza miche mingapi imepandwa, waulize ngitili ya kijiji ina ukubwa gani na nani anailinda. Mtumishi wa chini hujibu swali analoulizwa. Tukiuliza juu ya ishara, tutaletewa ishara.

Nne, sisi wenyewe tuanze. Watumishi wengi mlio mjini Bariadi mna umeme nyumbani. Sufuria ya presha ya umeme hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Aliye na uwezo wa kuinunua, halafu bado anapikia mkaa uliokatwa katika pori la mwenzake, hana la kumwambia mama wa kijijini juu ya nishati safi.

Ndugu Mwenyekiti,

Nimeulizwa kama vitendo vya ishara huleta tofauti. Jibu langu ni kwamba taa iliyozimwa kwa saa moja haikuijaza Shinyanga miti, wala haitalipunguza rundo la kuni nyuma ya jiko la shule. Kilichoirudisha Shinyanga ni maelfu ya watu kufunga ngitili zao msimu baada ya msimu, bila makofi, chini ya makubaliano waliyoyapitisha wenyewe. Yale yalikuwa haba na haba. Yalikijaza kibaba kwa sababu palikuwa na kibaba, palikuwa na mlinzi, na palikuwa na mtu aliyehesabu.

Jumatatu ijayo shule zitawasha moto. Kabla hazijauwasha, kuni zipimwe.